Miji Iliyoazimwa: Kutoka Ouarzazate Hadi Essaouira

Msafiri atokaye Marrakech kuelekea kusini hupanda milima ya Atlas kwa barabara ya mizingo mingi hadi kwenye kipito kiitwacho Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari. Akishavuka hapo huteremkia nchi nyingine kabisa: nchi kavu, ya udongo mwekundu, isiyo na kijani ila kwenye kingo za mito, ambako mitende na milozi hufuata maji. Kando ya mto Ounila, ubavuni mwa kilima, umekaa mji wa Aït Benhaddou. Nyumba zake ni za udongo, zimesongamana zikaegemeana; kuta ni ndefu na madirisha ni machache, na pembe za minara zimetiwa nakshi kwa matofali yale yale ya udongo. Juu kabisa, kileleni, iko ghala ambamo wenyeji waliweka nafaka zao pamoja. Misafara ya ngamia iliyokwenda na kurudi baina ya Marrakech na nchi za ng'ambo ya Sahara ilipita hapa. Mwaka 1987 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urathi wa dunia. Siku hizi familia zilizobaki ndani yake ni chache mno. Wengi wamehamia kijiji kipya ng'ambo ya mto, kwenye nafasi na barabara.

Mtu ambaye hajapata kufika hapa huenda amekwisha kuuona mji huu bila kujua. Umewahi kuwa Ugiriki ya kale, umewahi kuwa Bara Arabu, umewahi kuwa makao ya wafalme ambao hawakupata kuzaliwa. Tangu miaka ya 1960 watengenezaji wa filamu wamekuwa wakija kuuazima, wakaupiga picha, wakaenda zao.

Ndugu msomaji, hatukwenda huko kwa matembezi pekee. Kijana wetu anasoma Marrakech, nasi tulikuwa na ahadi ya kumzuru pamoja na mama watoto. Lakini kabla hatujaondoka, dada yetu wa Lamu alitubebesha mzigo wa pili. Binti yake amehitimu masomo ya sanaa, na amepata nafasi ya kujifunza kwa vitendo, miezi sita, katika karakana ya mafundi wanaotengeneza mandhari za filamu kule Ouarzazate. Nauli na gharama za kukaa ni juu yake. Na katika siku zizo hizo amekuja mnunuzi kutoka bara, akausimamia mlango wa nyumba yao ya urithi, mlango wa nakshi ambao baba wa babu yetu aliuchongesha, akataja bei. Bei ile ingetosha nauli, kodi na chakula, na chenji ikabaki. Dada akatwambia: "Kaka, nendeni mkaione kazi yenyewe kwanza. Mkirudi mtanambia kama ni kazi ya kuuzia mlango."

Basi tulikwenda tukiwa na swali hilo mkononi. Wako wazee wetu wanaozifunga filamu zote katika fungu moja, na wako wazazi wanaoziachia zote zipite. Hapa hatukukusudia kuandika fatwa. Tulitaka kujua kazi hii ni ya namna gani, inafanywa kwa mikono gani, na inachukua nini kutoka kwa mji unaofanyiwa.

Kazi yenyewe ni hii. Katika filamu, kila kitu ambacho jicho linakiona pasipo waigizaji wenyewe kuna mtu aliyekiamua: ukuta, mlango, taa, kikombe, rangi ya zulia, vumbi lililo juu ya sanduku. Huyo ndiye msanifu wa mandhari. Filamu ikiwa ya mambo ya leo, kazi yake ni nyepesi kidogo, kwa kuwa anaweza kutoka nje akaazima nyumba na gari. Filamu ikiwa ya zamani, mzigo unazidi, kwa sababu zama hizo zimekwisha kupita. Na ikiwa ni ngano ya zamani, yenye majitu na wafalme wa ajabu, basi analazimika kuumba ulimwengu ambao haukupata kuwako, na watazamaji wauamini. Mwenye mali nyingi huujenga ulimwengu huo upya kutoka msingi hadi paa. Mwenye mali kidogo hana budi kutumia akili.

Mji wa Ouarzazate uko kiasi cha kilomita 30 kutoka Aït Benhaddou, na watu wake wengi wamejifunza kula kwa kazi hii. Kando ya mji ziko Atlas Studios, zilizoasisiwa mwaka 1983 na Mohamed Belghmi, mfanyabiashara wa hoteli. Langoni mnapokelewa na masanamu makubwa ya Kimisri. Ndani mna hekalu la Mafirauni lenye nguzo nene kuliko mbuyu, na hatua chache baadaye mna nyumba ya watawa wa Tibet, iliyobaki kutokana na filamu Kundun ya mwaka 1997. Mtu hutoka Misri akaingia Tibet bila ya kumaliza maji ya chupa yake.

Tuliigonga nguzo moja kwa kidole. Ikalia kama debe tupu. Mama watoto, ambaye hapendi kuambiwa jambo akaliamini bila kulitazama, alizunguka nyuma ya hekalu. Huko hakuna hekalu. Kuna mbao, mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa nati, magunia yaliyogandishwa kwa jasi, na hapa na pale sponji ngumu nyeupe kama ile inayokuja na friji mpya. Alirudi akicheka. "Hii," akasema, "ni kanzu ya sikukuu iliyoshonwa upande wa mbele tu."

Fundi mmoja mtu mzima alikuwa akiziba ufa mguuni mwa sanamu. Tulimsalimu tukazungumza naye kwa Kiarabu cha vitabuni, akatujibu kwa kile cha kwao, na kijana wetu akawa daraja baina yetu. Alituonyesha namna jiwe linavyotengenezwa bila ya jiwe. Kwanza hupigwa kalibu juu ya ukuta wa kweli, mkongwe, ili nyufa na mikwaruzo yake ipatikane. Kisha gunia huchovywa katika jasi likabandikwa ndani ya kalibu hiyo. Likikauka hutolewa likapigiliwa kwenye mbao. Ukuta umesimama, lakini bado ni mpya, na ukuta mpya haumpumbazi mtu. Hapo ndipo inapoanza kazi ya kuuzeesha: rangi nzito kwanza, halafu rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa maji, halafu vumbi, halafu kitambaa cha kufutia baadhi ya yale yaliyopakwa.

Tukamuuliza, kosa kubwa la mwanafunzi ni lipi? Akasema kwamba mwanafunzi huchafua kila mahali sawasawa. Ukuta wa kweli hauchakai hivyo. Huchakaa pale mkono wa mtu unaposhika akipanda ngazi, pale bega la punda linapokwaruza, chini ya dirisha ambapo maji ya mvua huteremka, na juu ya meko ambapo moshi hupanda. Asiyejua watu wameishi vipi ndani ya nyumba hawezi kuizeesha nyumba hiyo. Maneno haya tuliyaandika katika daftari kwa ajili ya binti, tukijua kuwa katika mji wa Lamu hakosi pa kuyasomea.

Alitwambia pia kuwa kamera ina jicho moja, nalo halizunguki kona kama mama huyu alivyozunguka. Kwa hivyo msanifu mwenye busara huuliza kamera itasimama wapi, kisha hujenga kile tu kitakachoonekana kutoka hapo. Chumba cha kuta mbili kitatosha. Mlango mfupi humfanya mtu wa kawaida aonekane pandikizi la mtu. Kiti kilichopunguzwa miguu humfanya mfalme aonekane mkubwa, na kilichoongezwa humfanya aonekane mtoto. Na fundi huyu, ambaye tangu ujana wake ameyajenga majumba ya kifalme, alikuwa akiziba ufa kwa sababu mvua ya juzi tu ilikuwa imeingia ndani ya gunia. Majumba haya hayana miaka mingi, na kila mwaka yanahitaji kuuguzwa.

Tulirudi Aït Benhaddou siku ya pili tukiwa na macho mengine, kwa sababu tulitaka kuona alifanya nini hapo mtu asiyekuwa na fedha za kujenga hekalu. Mfano tulioutafuta ni filamu ya Time Bandits, ya mwelekezi Terry Gilliam, iliyotoka mwaka 1981. Ni ngano ya mtoto anayechukuliwa na kundi la watu wafupi wenye ramani ya matundu ya wakati, wakawa wanaingia zama hii na kutokea zama ile. Kwa hadithi inayoruka kutoka vita vya Napoleon hadi Ugiriki ya kale, na ambayo ndani yake limo jitu lililovaa merikebu kichwani kama kofia, bajeti ya dola milioni 5 ilikuwa ndogo sana. Msanifu wake wa mandhari alikuwa mwanamke, Milly Burns.

Walifanya nini? Kwa vita vya Napoleon waliazima magofu ya ngome ya Raglan, nchini Wales. Kwa Ugiriki walikuja hapa, kwenye kuta hizi za udongo, wakamvika mwigizaji Sean Connery mavazi ya mfalme Agamemnon. Kuna kichekesho juu ya hilo: hati ya filamu ilikuwa imeeleza kwamba shujaa atakapovua kofia yake ya chuma awe ni Sean Connery, au mwigizaji mwingine wa hadhi hiyo hiyo ila wa bei nafuu. Waandishi waliandika kwa mzaha, wakijua mfuko wao; naye Connery akakubali. Hila yao nyingine iko katika chumba cha mtoto. Vile vitu vya kuchezea na picha za ukutani zinazoonekana mwanzoni ndivyo vinavyorudi baadaye vikiwa vikubwa, vimekuwa mashujaa na majengo. Hivyo mtazamaji haulizi mbona ulimwengu huu wa ajabu unafanana na midoli, kwa kuwa amekwisha kupewa jibu. Upungufu wao wameugeuza ukawa maana ya hadithi. (Wazazi na wajue kuwa mwisho wa filamu hiyo una mshtuko usiomfaa mtoto mdogo.)

Lakini tukiusimamia mji wenyewe tukautazama, tunaona kuwa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na watu ambao majina yao hayamo katika filamu yoyote. Ni wale waliokanyaga udongo na majani makavu, wakaujenga ukuta, na kila baada ya mvua wakaupaka tena. Ukuta wa udongo ni kama mgonjwa wa sukari: unaishi miaka mingi madhali kuna mtu wa kuuangalia, na ukiachwa misimu michache huyeyuka. Nyumba ambazo wenyewe wamehama zimekwisha kuanza kurudi ardhini. Tetemeko la Septemba 2023 nalo liliongeza nyufa. Filamu ya Gladiator, iliyotoka mwaka 2000, ilikuja na mali nyingi ikajenga uwanja wa mapigano chini ya mji huu kwa matofali ya udongo. Uwanja huo hauko tena. Lango moja ambalo waongozaji wageni hulionyesha lilijengwa kwa ajili ya The Jewel of the Nile, ya mwaka 1985. Tuliwaona watalii wakipiga picha mbele ya lango hilo kwa furaha, na nyuma yao mzee wa Kiberiberi akiingia kwenye nyumba ya kweli kwa mlango wa kweli, hakuna aliyemtazama.

Kutoka hapo tulirudi Marrakech, tukashika njia ya magharibi hadi baharini. Essaouira ni mji ambao mtu wa Lamu au wa Mombasa akiingia hasemi kuwa yuko ugenini, isipokuwa upepo wake ni wa baridi. Kuta zinaikabili bahari, mizinga ya shaba imepangwa juu yake ikitazama mawimbi, na chini yake mashua za buluu zimefungwa ubavu kwa ubavu, nyangenyange wakigombea vichwa vya samaki. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni nyeupe. Sultani Sidi Mohammed bin Abdallah aliuanzisha mji huu katika miaka ya 1760 uwe bandari yake, na mhandisi wa Kifaransa Théodore Cornut akashiriki kuuchorea ramani. Wazungu waliuita Mogador. UNESCO iliutia katika orodha yake mwaka 2001, mwaka ule ule ilipoutia mji wa kale wa Lamu. Ni ndugu wawili wa kuingia darasa moja.

Hapa alifika, mwaka 1949, Mmarekani Orson Welles, kutengeneza filamu ya Othello. Wasomaji waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, wanamjua Shakespeare. Othello ni tamthilia yake nyingine. Ni kisa cha amiri jeshi wa Kimaghribi aliyewatumikia watu wa Venice, akaoa binti wa watu, kisha msaidizi wake Iago akamjaza fitina kwa kutumia leso moja tu, hata akamuua mke asiye na hatia. Welles aliigiza Othello mwenyewe kwa kujipaka rangi usoni, jambo ambalo leo lisingepita bila lawama, na ambalo sisi wa Afrika tuna haki ya kulisema. Lakini kuhusu kazi ya mandhari, filamu hii ni shule.

Mpango ulikuwa Mogador iwe kisiwa cha Cyprus. Msanifu Alexandre Trauner, mzaliwa wa Hungaria, alikuwapo, waigizaji walikuwapo, kuta za bahari zilikuwapo bila malipo. Maleba ndiyo hayakuja. Mtoaji fedha wa Italia alikuwa amefilisika. Mtu mwingine angefunga mizigo akarudi kwao. Wao waliwaita washoni wa Mogador, wakawapa picha za mchoraji Carpaccio wa Venice ili wazifuate kwa sindano. Mafundi bati wa mji wakatengeneza mavazi ya chuma ya askari kwa kukata mikebe ya sadini, na sadini katika mji huo haikosekani. Nguo lakini hazishonwi kwa siku moja, na kila siku iliyopita ilikuwa na gharama. Ndipo likaja wazo lililowaokoa: ni mahali gani ambapo watu hawahitaji nguo za heshima? Ni hamamu. Wakalichukua soko la samaki wakaligeuza hamamu, wakatia mvuke, wakawafunga waigizaji mataulo, na jambo la kuuawa kwa Roderigo, ambalo Shakespeare aliliweka njiani usiku, likapigwa picha humo, upanga ukipenya baina ya mbao za sakafu. Wengi wanaoijua filamu hiyo hulitaja tukio hilo kabla ya mengine yote.

Fedha zilipokwisha Welles alisimamisha kazi, akaenda kuigiza katika filamu za wengine, akarudi na mshahara wake. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kama mitatu. Ndiyo maana katika filamu hiyo mtu anaweza kuanza sentensi akiwa Torcello, kisiwa kimoja cha Venice, akaimaliza akiwa Afrika, na mtazamaji asihisi kuwa amevushwa bahari. Filamu iliingizwa katika tamasha la Cannes mwaka 1952 kwa jina la Moroko, ikagawana tuzo kuu na filamu nyingine. Nje ya kuta za Essaouira iko bustani ndogo yenye jina la Welles. Jina la mshoni hata mmoja hatukuliona.

Tukipanda kaskazini kwenda Casablanca kukamata ndege, tulipitia El Jadida, ambako tukio jingine la filamu hiyo lilipigwa picha. Wareno walianza kujenga ngome hapo mwaka 1514, miaka karibu 80 kabla ya kuanza kujenga Ngome Yesu ya Mombasa, wakaondoka mwaka 1769. Chini ya ngome kuna birika lao la maji. Usifikirie, ndugu msomaji, birika la kutilia udhu mlangoni mwa msikiti. Hili ni ukumbi mzima chini ya ardhi, wenye safu za nguzo za mawe na dari ya matao, na katikati ya dari tundu moja la duara ambalo nuru huteremka kwalo kama kamba. Sakafuni mmebaki maji kina cha ukucha, nayo huzirudisha nguzo juu chini, hata mtu asijue amesimama upande upi. Hakuna fundi wa jasi ambaye angelitengeneza hilo kwa bajeti ya Welles, wala kwa mara kumi yake. Nalo lilikuwa limetengenezwa tayari, kwa haja ya watu ya kunywa.

Tukiwa hapo, dada yetu alipiga simu, binti akiwa naye. Tuliwaeleza tuliyoyaona. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjomba, nikuulize. Mtu akitaka kuitengeneza filamu ya Liyongo, itamlazimu ajenge nini?"

Fumo Liyongo hana haja ya kuelezwa katika gazeti hili. Utendi wake aliuandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kabla ya hapo bibi zetu walikuwa nao vifuani. Ni ngano hasa: jitu la mtu ambaye silaha hazimuingii, mfalme mwenye wivu, gereza, mama mwenye hila, na mwana msaliti. Tulifikiri kidogo. Kwa lile tukio la gerezani panahitajika chumba cha giza, pingu, mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, na sauti za watu na ngoma nje ya ukuta ili mkato wa tupa usisikike. Gharama yake kubwa ni unga.

"Na ukubwa wake?" tukamuuliza. "Mtu wa kimo kile utampata wapi?"

"Mjomba, si umesema mwenyewe mlango mfupi unatosha? Lamu milango mifupi imejaa." Akanyamaza kidogo. "Mlango wetu ule ni nusu ya filamu. Tukiuuza nitakwenda kujifunza kuutengeneza mwingine wa gunia na jasi, unaofanana nao. Sitaki."

Mamake alikuwa akisikia. Hakujibu wakati ule, na sisi hatukumhimiza, kwa kuwa ni yeye anayeamka alfajiri akaikuta dari ikivuja, na ni yeye aliyehesabu ile bei usiku. Si haki mtu wa mbali kumsifia mwenziwe mlango ilhali boriti zinamwangukia. Tuliporudi tulikaa kikao cha aila. Imekubaliwa kuwa mlango usiuzwe. Ghorofa ya juu itakodishwa, na dada ameridhia kuteremka chini, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyezoea upepo wa juu kwa miaka 30. Ndugu watachangia nauli. Binti atakwenda miezi mitatu badala ya sita, atakaa na familia ya mwalimu wa kijana wetu, na ataondoka Mfungo Pili inshallah. Mnunuzi alirudi mara mbili baada ya hapo, na kila mara alipandisha bei.

Kazi ile, kwa tulivyoiona, ni kazi ya mkono na jicho kama useremala na ushoni, na ndani yake wamo akina mama wengi wanaokata, wanaoshona na wanaopaka rangi. Inaweza kutumika kwa hadithi nzuri na kwa hadithi mbaya, kama vile mbao inavyoweza kuwa meza ya chuoni au meza ya kamari. Jukumu la kuchagua liko kwa mwenye mkono.

Linalobaki ni letu sote. Pwani yetu ina Lamu na Ngome Yesu, ambayo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2011. Ina Gede, Takwa na Jumba la Mtwana. Na ina nyumba nyingi zisizo katika orodha yoyote isipokuwa ile ya warithi. Watengenezaji wa filamu watakuja kuziazima, wengine wageni, wengine watoto wetu wenyewe. Mwenye kuazimwa ana haki ya kuweka masharti: kwamba msikiti si jukwaa, kwamba nyakati za sala ziheshimiwe, kwamba ua wa ndani wa akina mama usiingiliwe bila idhini, kwamba msumari usipigwe kwenye nakshi, na kwamba yote yaandikwe na kutiwa saini kabla kamera haijafunguliwa. Wenyeji wanaofanya kazi walipwe, na majina yao yawekwe mwishoni mwa filamu pamoja na ya wengine.

Na wiki hii, kabla ya mnunuzi kubisha, mpeni mmoja wa watoto daftari na kalamu akae na bibi yake. Aandike majina ya sehemu za nyumba, daka, kiwanda, msana, ndani, zidaka. Aulize nani aliyeuchonga mlango na mwaka gani, na pale palipochakaa pamechakazwa na mkono wa nani. Bibi atakuwa na majibu kuliko anavyodhaniwa, na huenda akahitaji vikombe viwili vya kahawa kuyamaliza.